Mzee Armindo Hakusema Kanisa

Mmeniomba niandike kitu cha kutia moyo. Ujumbe wenu umeingia kwenye simu ya mjukuu wangu, wa Kiingereza mtupu, naye akanitafsiria nusunusu huku anatafuna: Babu, vijana wa jumuiya wanataka kumbukumbu zako za uashi, kurasa chache, zisomwe siku ya urithi wa Waswahili. Na wanataka uje uwasimamie watengeneze mlango wa nakshi kama ile milango ya Mombasa. Nikamuuliza, mbao watapata wapi? Akasema, si mbao, Babu, maboksi.

Maboksi! Haya. Kuandika nitaandika. Kutia moyo katafuteni kwa mwingine, maana mie hapa nilipo nimefura, na sababu ya kufura kwangu inawahusu nyinyi hasa. Jina langu mnalijua, Mzee Mbaraka wa Malvern, yule wa magoti mabovu anayewagombeza mkikaa ovyo kwenye ngazi za msikiti. Nimejenga na kukarabati Toronto hii ujana wangu wote. Misingi ya mawe ya nyumba kongwe za upande wa magharibi, mabomba ya moshi, baraza za matofali mekundu mnazopigia picha. Aliyenifundisha kazi ni Mreno, anaitwa Armindo, na hasira zangu zote za leo ni kwa ajili yake.

Najua mtashtuka. Sisi watu wa Mvita Mreno tumemsikia kwa mizinga na moto. Hata mie nilimwangalia jicho la pembeni siku ya kwanza. Alikuwa juu ya jukwaa, akapiga kelele, "Roda! Roda!" Nikajiambia, lo, mzungu huyu kazaliwa Kibokoni kwetu? Nikakimbia nikamletea roda ya kupandishia ndoo kwa kamba. Kumbe kwao roda ni gurudumu, na yeye alitaka gurudumu la toroli. Akanitukana. Kisha akataka "mesa," nikamsogezea meza, nikapatia. Akataka "caixa," nikaleta kasha, nikapatia tena. Akashuka kuja kunitazama usoni, akaniuliza naitwa nani. Nikamwambia Mbaraka. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Kwao barraca ni kibanda kibovu cha mabati. "Mama yako alikuona akasema kibanda?" Tangu siku hiyo mie ni Barraca, na mpaka leo hakuna mtu mwingine duniani anayeniita hivyo.

Lugha yetu kazini ilikuwa mseto: Kiingereza cha kuokoteza, Kireno chake, Kiswahili changu nikikasirika. Tulielewana vizuri kuliko mnavyoelewana nyinyi na mama zenu, wanaowasemesha Kiswahili mkawajibu Kiingereza mkiangalia simu.

Sasa kazi. Armindo hakuwahi kuweka jiwe bila kuligonga kwanza. Kifundo cha kidole, mara moja, sikio karibu. Jiwe zima linalia kama bakuli la udongo. Jiwe lenye ufa ndani linajibu kama boga, na hata liwe zuri vipi usoni, lile linatupwa. Akishagonga jiwe ananigonga na mie helmeti. "Na hiki?" anasema, anatega sikio. "Hiki hakilii." Ndivyo nilivyosomeshwa, kwa kugongwa kichwa. Pia alinifundisha jiwe ulilolishika usiliweke chini, litafutie mahali pake ukutani, ukilirudisha chini mara mbili umeshachoka na kazi hujaanza. Na saruji kwenye ukuta wa zamani ni kuunyonga: maji yanaingia yasitoke, baridi ya hapa inayagandisha, uso wa jiwe unabanduka kama ganda la yai. Chokaa tu. Hapo kwenye chokaa nilimpata, maana mie kwetu nimekua na mjomba anayechoma matumbawe kupata chokaa, na nilijua inavyotakiwa kuwa laini kwenye mwiko. Alipoona nimeikoroga sawasawa siku ya kwanza alininunia asubuhi nzima.

Mchana tukila, ananisimulia kijiji chake. Jina lake sitawaandikia, maana siku hizi vijiji kama vile vikitajwa tu watu wanakimbilia kukodi vyumba. Kiko juu mlimani, karibu na mpaka wa Hispania, kwenye majabali makubwa kuliko nyumba. Wajenzi wa kwanza hawakuyaondoa yale majabali, walijengea hapo hapo. Unakuta nyumba ukuta mmoja ni jabali, nyingine paa lake ni jabali. Kijiji kizima kilikuwa na tanuri moja la mikate, na mwenye zamu ya kesho anaweka tawi bichi mlangoni, hapo hakuna atakayemwingilia. Kuna chemchemi wanayoiita ya Wamouro, yaani ya Waislamu waliokaa huko zamani sana kabla yao. Bibi yake alimwambia mawe ya chini kabisa ya kijiji yaliwekwa na hao. "Watu wako, Barraca," alikuwa ananiambia, mdomo umejaa dagaa wa kopo. "Walijenga vizuri. Sijui wewe umekuwaje."

Siku moja akaniambia kuhusu ukoo wake. Babu yake, baba wa babu, na wa nyuma yao, wote walikuwa wachonga mawe, na kila ukoo ulikuwa na alama yake ya kukata kwenye jiwe ulilolichonga. Alama yao ilikuwa kama unyayo wa kuku. "Na wote," akasema, akajipiga kifua, "wote, maisha yao yote, igreja." Sasa hilo neno wanavyolitamka, na ile i ya mwanzo anaimeza, mie nikasikia gereza. Ukoo mzima gerezani! Vizazi na vizazi wanapasua mawe kwa adhabu! Wallahi niliacha kula. Nikamshika bega nikamwambia pole, hata kwetu wako watu wema waliofungwa. Akanitazama tu. Kwa wiki nzima nilimbebea ndoo zake, nikawaambia na vibarua wengine wasimchokoze, jamaa katoka mbali.

Aliposikia nasema nini juu yake, alinijia na mwiko mkononi. Igreja ni kanisa! Babu zake wamejenga kanisa, mtu mjinga wewe! Nikamwambia basi kwetu gereza ni jela, na neno nimelipata kwenu, maana mlikuja na kanisa lenu ndani ya ngome, na sisi tuliokuwa nje hatukuona tofauti. Akaiva uso. "Mnafunga watu kanisani?" Nikamwambia nyinyi ndio mlioanza, Mombasa mmeichoma moto. Akapiga kelele jengo zima likasikia: "Sisi? Kijijini kwangu hakuna aliyewahi kuiona bahari! Tulikuwa tunakula njugu za porini na kuchonga mawe ya watu wengine!" Siku hiyo tulijenga ukuta mmoja, yeye mwisho huu, mie mwisho ule, bila neno, mpaka mawe yakakutana katikati.

Kesho yake alikuja na mkate wa mahindi wa mkewe, umefungwa kwenye kitambaa. Akaweka kati yetu. "Lenço," akasema, akionyesha kile kitambaa. Nikamwambia, "Leso." Tukatazamana. Tukaangua kicheko mpaka bosi akaja kuuliza tunalipwa kucheka.

Toka hapo gereza likawa neno letu, la Kiswahili, alilosema kwa maana yetu kabisa. Kibarua kisicho na choo: gereza. Msimamizi anayekataza chai kwenye baridi ya kukata masikio: gereza. Kanisa lake aliliita igreja, kwa i ndefu, ananikazia macho ili nisije nikakosea tena. Maneno mawili, hakuyachanganya hata mara moja kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Hilo mlishike, maana ndilo lililonitoa mapovu.

Mkewe alifariki. Mie nikastaafu na magoti yangu, yeye akaanza kusahau. Kwanza alisahau alipoacha patasi, kisha basi la kumrudisha, kisha Kiingereza chote kikamtoka. Binti yake wa pekee, Odete, anafanya kazi benki, mtu wa haraka na mwenye roho nzuri, sitamsema vibaya hapa. Mwaka juzi, katikati ya theluji, mzee alitoka nyumbani na ndara, akakutwa amekaa chini ya ukuta wa mtu anagonga mawe. Vidole vya miguu nusura vikatwe. Odete akaogopa. Akampeleka makao ya wazee kule North York, ghorofa ya nne, mlango wa kubonyeza namba. Mie ningeogopa vilevile.

Nikaenda kumwona. Mabasi mawili, theluji, magoti haya. Nilikuta amekaa kitandani, kanyolewa vibaya. Hakumtambua muuguzi, hakutambua mchana na jioni, lakini aliponiona akasema, "Barraca." Kisha akauonyesha ule mlango wa namba kwa kidole. "Gereza," akasema. "Gereza, Barraca."

Nikampigia Odete pale pale. Akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Najua. Analisema kila siku, anataka kanisa, maskini baba. Tumempatia padri, anakuja kila wiki." Nikamuuliza, na padri akija? "Anageukia ukutani. Huwa amechoka." Nikamwambia, mwanangu, huyu hasemi kanisa. Anasema jela. Ni neno la kwetu, nilimfundisha mie. Nikamsimulia yote, ukoo, mwiko, mkate. Kisha akasema, "Baba yangu hajui Kiswahili, Mzee Mbaraka. Hiyo i anaimeza kwa sababu hana meno. Baba anataka kanisa, wewe unaniletea jela. Unataka nilale vipi?" Akakata simu.

Nilikasirika hadi nikasahau mwavuli kwenye basi. Mzee analia nitoeni, wanamletea padri! Kila siku anasema neno moja, la mwisho alilobaki nalo, na kila siku wanamjibu jambo jingine huku wakimpapasa mkono. Nilimpigia Odete mara nyingi baada ya hapo, ikawa hapokei.

Ndipo nikaja kusikia wajukuu wa watu wa kijiji kile wanaandaa maonyesho. Wako wengi hapa mjini, kijiji karibu chote kilihamia Toronto na Ufaransa, kule wamebaki paka na watalii. Ukumbi ulikuwa upande wa Mount Dennis, maonyesho ya historia na urithi wa kijiji chao cha kale. Hakuna aliyemkumbuka mtu wa mwisho aliyechonga jiwe kijijini pale, aliye hai, mwendo wa gari kidogo tu kutoka hapo, nyuma ya mlango wa namba. Hamna! Mie ndiye niliyempigia simu mwenye maonyesho, kijana mmoja mwenye utepe kifuani, nikamwambia Armindo yupo. Akafurahi kweli: atakuwa mgeni wetu wa heshima! Akampigia Odete yeye mwenyewe, na Odete hakuweza kukataa.

Siku yenyewe nilikuwa mlangoni mapema. Odete akaja akimsukuma baba yake kwenye kiti cha magurudumu, kamvika suti na kofia yake ya sufu. Akanisalimia kwa kichwa tu. Tukaingia. Muziki, mabinti wamejifunga leso, mikate mezani, harufu nzuri. Ukutani wamebandika picha kubwa ya kanisa la kijijini, la kweli, dogo kama duka la Mombasa, mawe yake meusi kwa uzee. Armindo akainua mkono kiti kisimame. Akaitazama ile picha kwa muda mrefu. Kisha akasema, wazi, kila herufi mahali pake:

"Igreja."

Watu wakapiga makofi. "Igreja! Ndiyo, babu!" Odete akanitazama, kama anayesema, umesikia?

Katikati ya ukumbi walikuwa wamejenga kanisa lenyewe, urefu wa mtu. Kila jiwe limechorwa, kila ufa, hata ukungu wa kijani. Kwa mbali hata mie nilidanganyika. Kibao kimeandikwa: mawe ya mababu zetu. Pembeni ya mlango wamechora na alama za koo, na ule unyayo wa kuku upo, umepinduliwa miguu juu. Yule kijana mwenye utepe akasukuma kiti mpaka karibu kabisa, akainama, "Babu, unalikumbuka?" Simu zote zimeinuliwa.

Armindo akanyoosha mkono. Nikajua anachotaka kufanya, nikatamani nimshike, nikachelewa. Akagonga kwa kifundo, mara moja, sikio karibu.

Halikulia. Halikujibu hata kama boga. Lilikuwa lile povu jeupe linalokuja na televisheni mpya, limepakwa rangi. Akagonga jiwe la pili. Akagonga la tatu, kwa nguvu, kidole kikazama. Akautoa mkono, akautazama, rangi ya kijivu imemganda kwenye kucha. Akageuka kuutazama ukumbi mzima, na watu wote wale wanaomtabasamia.

"Gereza," akasema.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. "Igreja! Igreja!" Mama mmoja alikuwa anafuta machozi. Kijana mwenye utepe akamkumbatia mzee kwa furaha. Na Armindo, katikati ya makofi yale, akarudia tena, kwa sauti ya chini, ananiangalia mie, "Gereza, Barraca." Nikataka kupasua kipaza sauti chao. Nilishafungua mdomo niwamwagie yote, Kireno, Kiingereza na matusi ya Mvita.

Odete alinitangulia. Hakuwa amepiga makofi. Alikuwa amesimama na mkono mdomoni, anamtazama baba yake. Alisikia yote mawili, moja baada ya jingine, kinywa kile kile, meno yale yale yasiyokuwepo. Akamwondoa yule kijana taratibu. Akapiga magoti mbele ya kiti, akamuuliza kwa Kireno, swali moja, na aliyataja maneno yote mawili, kanisa na lile la kwetu, analitamka kwa shida. Baba yake akamshika shavu kwa ule mkono wenye rangi akajibu lile la kwetu. Odete akaanza kumfunga vifungo vya koti, na makofi bado yanaendelea.

"Mnapiga makofi ya nini?" akawauliza bila kugeuka. "Anasema mtoeni."

Tukamtoa. Kwenye maegesho Odete aliniambia kwa ukali nimshike miguu vizuri, na njiani hakuzungumza nami. Wiki hii yote Armindo yuko nyumbani kwa Odete, chumba cha chini, na mlangoni Odete kafunga kengele ya kawaida inayolia mtu akitoka. Anapigana na kazini wampe siku zaidi, na hajui ataweza mpaka lini. Jana alinipigia simu saa ya chakula, hata salamu hakutoa. Akaniambia baba anagonga ukuta wa jikoni tangu asubuhi, nije nimwambie anataka nini. Nikaenda. Ukuta ule ni wa mawe ya kweli, ameuziba mtu kwa saruji. Tunaanza kuibandua Jumamosi, mie na Armindo, kiti chake karibu, atatukana kila pigo langu la patasi.

Basi, vijana, mlango wenu wa maboksi. Wazee wenu wapo: Bi Zuwena yuko North York, mume wake alichonga milango Mombasa na yeye ndiye aliyekuwa akiisugua kwa mafuta ya nazi. Hamjamuuliza lolote. Amekaa dirishani anaongea Kiswahili na redio. Mzee Shee yuko hospitali, hamjaenda. Siku yenu ya urithi nitakuja, msiwe na wasiwasi, nitavaa kanzu na kofia. Nitakwenda moja kwa moja kwenye ule mlango wenu, niugonge kwa kifundo, sikio karibu. Kisha nitasema neno, kwa Kiswahili. Ole wenu mnipigie makofi.